Shangazi, kabla sijatuma ile chupa ya nyuki

Mnisamehe kwa ukimya, zamu za usiku zimenibana. Shangazi, shikamoo. Leo nakujibu hapa hapa, maana na wengine wawili wamenipigia wakitaka niwatumie kutoka huku Marekani vidonge vya nyuki vya kushusha sukari na kusafisha ini lenye mafuta. Ila wewe ukaongeza kwamba umeanza kupunguza metformin huku ukisubiri mzigo. Hapo nikashtuka.

Ngojeni niwape historia kidogo.

Nyuki na kisukari wanajuana zamani sana. Waganga wa India ya kale waliuita ugonjwa huu mkojo wa asali. Mwaka 1674 daktari Mwingereza Thomas Willis naye akaandika kuwa mkojo wa mgonjwa ni mtamu kana kwamba umetiwa asali au sukari (ndiyo, walikuwa wanaonja, msicheke). Lile neno mellitus wanaloandika madaktari ni Kilatini, tamu kama asali.

Vidonge ni mambo ya juzi. Vingi vina propolisi, ile gundi nyuki wanayozibia nyufa za mzinga, au maziwa ya nyuki, chakula cha malkia. Maziwa haya yalivuma Ulaya miaka ya 1950, iliposemekana yamemsaidia Papa Pius XII alipougua mwaka 1954. Watu wakapiga hesabu: malkia anaishi miaka, nyuki vibarua wiki chache tu, basi na sisi tunywe!

Sasa sikilizeni hapa. Oktoba 1994 Rais Clinton alitia saini sheria ya virutubisho. Tangu hapo muuzaji halazimiki kuithibitishia serikali kwanza kwamba vidonge vyake vinafanya kazi, ila asidai vinatibu ugonjwa. Ndiyo maana kwenye chupa, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, wameandika kuwa havikusudiwi kutibu ugonjwa wowote. Desemba mwaka huo huo metformin ikaruhusiwa Marekani, lakini yenyewe ilibidi ipimwe kwanza kwa wagonjwa. Tena utafiti wake ulianzia kwenye mmea wa Ulaya uitwao galega, kwa hiyo habari za "hii ya asili, ile kemikali" msiniletee.

Sisemi nyuki hana kitu. Majaribio madogo ya propolisi, mengi ya Iran, yameonyesha sukari kushuka kidogo. Kwa ini ni machache zaidi. Na wenye pumu msiguse kabisa: Australia miaka ya 1990 maziwa ya nyuki yaliua mtoto wa miaka 11.

Shangazi, nenda kliniki wiki hii, waambie ulivyopunguza, usifiche. Chupa situmi. Nikija Desemba nitakuletea mashine ya kupimia sukari na vijikaratasi vyake. Nyie niwekeeni asali ya Tabora, lita moja tu, ya kwangu mimi.