Umoja na Riziki Isiyofuata Shahada

Mtaa wa Umoja, katika Eastlands ya Nairobi, ulijengwa na Baraza la Jiji katika miaka ya 1970 kwa mkopo uliopatikana kupitia USAID, shirika la misaada la Marekani, na mpango wake mzima ulimlenga mtu wa mshahara, yaani karani, mwalimu au mtumishi wa serikali aliyeweza kulipa deni la nyumba mwezi baada ya mwezi. Alichouziwa mtu huyo ni nyumba ya msingi, ambayo ni vyumba vichache pamoja na jiko, choo na bafu, huku kiwanja kikibakishiwa nafasi ili mwenyewe aongeze vyumba kadiri alivyojaliwa. Nafasi hiyo, iliyokusudiwa familia inayokua, ndiyo iliyokuja kuwa mtaji.

Sheria za kazi zilikuwa zimekwisha kulegezwa. Tume ya Ndegwa, iliyoongozwa na Duncan Ndegwa na kutoa ripoti yake mwaka 1971, iliwaruhusu watumishi wa umma kumiliki biashara, hivyo mwenye shahada aliweza kushinda ofisini na bado akawa mwenye nyumba, yaani mtu anayekula kodi ya wapangaji. Wakati huo kodi ilikuwa nyongeza tu, kwa kuwa shahada ilikuwa karibu hakikisho la ajira serikalini.

Hakikisho hilo lilivunjika katika miaka ya 1990, pale marekebisho ya utumishi wa umma yaliyoanza mwaka 1993 yalipowaondoa wengi kazini kwa kustaafu mapema, na mwaka 1998 serikali iliposimamisha utaratibu wa kumwajiri kila mwalimu aliyehitimu. Kwa mstaafu wa Umoja, kiinua mgongo, ambayo ni malipo ya mkupuo anayopewa anayeacha kazi, kilitosha kuanzia ujenzi. Naye aliyesomea historia au uchumi akajifunza, juu ya kiwanja chake mwenyewe, kuhesabu mawe ya kuchonga, kupatana bei ya lori la mchanga, kukagua uwiano wa saruji na kokoto kabla zege halijamwagwa, na kumbana fundi asipunguze nondo. Aliyefaulu kwa jirani aliitwa kwingine, na usimamizi wa ujenzi ukawa kazi yake.

Kuwaita watu hao waliopoteza elimu yao ni kuwadhulumu, kwani ajira ndiyo iliyowatupa, na ustadi walioupata ulikuwa wa kweli. Hata hivyo gharama yake haifichiki: nyumba za msingi zilibomolewa zikapandishwa maghorofa, ya chini yakiwa maduka, na mabomba ya majitaka yaliyopimwa kwa familia moja yakabebeshwa wapangaji wa jengo zima.

Mwaka huohuo wa 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua masomo ya wanaojilipia karo, na katika familia nyingi za mtaa huo kodi ya vyumba ndiyo iliyolipia shahada za watoto.