Usafishaji wa Mazulia ya Nyumbani: Mambo ya Kuzingatia Unapomchagua Msafishaji Tarime na Serengeti

Mtu anapopeleka zulia kuoshwa, swali lake la kwanza huwa ni bei, na la pili ni siku ya kulichukua. Makala haya yanashauri maswali mengine mawili yatangulie hayo: zulia litakaushwa wapi, na maji machafu yatakwenda wapi. Majibu yake ndiyo humtenga fundi anayeijua kazi na mtu mwenye brashi na pipa la maji tu. Kwa wakazi wa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, maswali hayo yana uzito wa pekee kutokana na mvua, udongo na mito ya eneo hili.

Namna huduma inavyotolewa

Kama ilivyo katika miji mingi nchini, njia iliyozoeleka zaidi ni ya vijana wanaoosha magari, ambao huosha mazulia pia. Zulia hutandazwa juu ya sakafu ya saruji, humwagiwa maji na sabuni ya unga, husuguliwa kwa brashi, hupigwa maji ya mashine yenye nguvu, kisha huanikwa ukutani au kwenye uzio. Njia ya pili ni ya msafishaji anayefika nyumbani na mashine inayonyunyiza maji ya moto yenye dawa na kuyafyonza papo hapo pamoja na uchafu. Hiyo ndiyo inayofaa kwa kapeti lililogundishwa sakafuni na kwa makochi, ingawa gharama yake huwa kubwa zaidi na huhitaji umeme wa uhakika.

Njia ya kwanza haistahili kudharauliwa. Zulia la kiwandani la nyuzi za plastiki likioshwa kwenye saruji safi na kusuuzwa vya kutosha hutoka likiwa safi kuliko lililopitishwa mashine mara moja kwa pupa. Kasoro yake kubwa hutokea katika kusuuza. Sabuni ikibaki ndani ya nyuzi hunata, na kinachonata hukamata vumbi. Ndiyo maana zulia jingine huchafuka tena wiki mbili tu baada ya kuoshwa, na mwenye nyumba akadhani tatizo ni watoto. Fundi mwangalifu huendelea kumwaga maji safi hadi yanayotoka yasiwe na povu.

Kabla ya maji, vumbi

Barabara nyingi za vijijini na za mitaani katika wilaya hizi ni za udongo na changarawe, na udongo mwekundu wa Tarime hushika nyuzi mithili ya rangi. Udongo huo ukilowa kabla ya kutolewa hugeuka tope na kuzama hadi kwenye mgongo wa zulia, mahali ambapo brashi haifiki. Kwa hiyo kazi huanza zulia likiwa kavu: ligeuzwe, lipigwe kwa fimbo upande wa mgongo, likung'utwe au lifyonzwe kwa mashine. Fundi anayelimwagia maji mara tu anapolipokea amekwisha kuiharibu nusu ya kazi.

Madoa nayo yana utaratibu wake, na mwenye nyumba anaweza kuyawahi kabla fundi hajaitwa. Maziwa na damu huondolewa kwa maji ya baridi; maji ya moto huigandisha protini na kulifanya doa lidumu. Chai na kahawa hukubali siki kidogo iliyochanganywa na maji. Doa hukandamizwa kwa kitambaa cheupe kutoka ukingoni kuelekea katikati, wala halisuguliwi. Dawa ya kupaukisha nguo isitumike kwenye zulia la sufu kwa hali yoyote, kwa kuwa huzila nyuzi zenyewe.

Jinsi ya kujua zulia lako ni la nini

Wengi hununua zulia sokoni au dukani bila kibandiko chochote, mengine yakiwa yamepitia mpaka wa Sirari. Njia ya kulitambua ni rahisi. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo, ushike kwa kibano, uuchome nje ya nyumba mbali na vitu vinavyoshika moto. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na huacha majivu yanayovunjika kwa vidole. Nyuzi za plastiki, kama nailoni na polipropilini, huyeyuka na kuacha tone gumu. Pamba na juti hunuka kama karatasi inayoungua.

Jaribio hilo dogo huamua mengi. Sufu haitaki maji ya moto sana, sabuni kali wala msuguano wa nguvu. Hunywea na kujikunja. Polipropilini hainywi maji na hukauka upesi, lakini hung'ang'ania mafuta. Zulia lenye mgongo wa juti likilowa kupita kiasi hutoa rangi ya kahawia inayopanda hadi juu. Mgongo uliogundishwa kwa gundi ya mpira huachia likipigwa maji yenye nguvu kwa ukaribu, au likikunjwa likiwa bichi. Mweleze fundi aina ya zulia mapema. Asiyejali kuuliza ni aina gani hufaa apewe la bei ndogo kwanza.

Kukausha

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Mji wa Tarime uko kwenye nyanda za juu, na kwa kawaida mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, nyingine zikirejea miezi ya mwisho wa mwaka. Desemba, familia nyingi zinapotaka nyumba iwe safi kwa ajili ya wageni, mara nyingi ndio wakati jua halina uhakika. Ukungu huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 katika kitu kilicholowa kisichokaushwa. Zulia lililooshwa asubuhi, likanyeshewa mchana, likakunjwa jioni na kukabidhiwa kesho yake, hurudi nyumbani likiwa na hatari zaidi kuliko lilivyoondoka.

Sufu huhitaji tahadhari ya ziada, kwani huweza kubeba unyevu unaokaribia theluthi moja ya uzito wake bila mkono kuhisi umajimaji. Kwa sababu hiyo muulize msafishaji kama ana paa la kuanikia wakati wa mvua, kama zulia huning'inizwa juu ya nguzo ili hewa ipite pande zote mbili, na kama ana mashine ya kukamua maji au feni. Ukutani, upande mmoja hukauka na mwingine hubaki na unyevu. Kwa anayesafishia nyumbani, mashine nzuri huacha unyevu unaokauka ndani ya saa 6 hadi 12 madirisha yakiwa wazi. Ikifika siku ya pili bado sakafu ina ubaridi, aitwe arudi kufyonza maji.

Afya ya waliomo ndani

Utitiri wa vumbi ni wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoishi kwenye mazulia, magodoro na makochi wakila vipande vya ngozi ya binadamu vinavyopukutika. Hawaumi. Kinachodhuru ni kinyesi chao, ambacho kikivutwa kwa pumzi huamsha pumu na mafua ya mzio kwa wenye hali hizo. Hustawi penye unyevu, hivyo zulia lililokaushwa vibaya huwapa makazi bora kuliko awali. Ni vyema pia kusema wazi kwamba kuosha zulia hakutibu pumu. Kwa mtoto mwenye pumu, chumba cha kulala kisicho na zulia kabisa, chenye sakafu inayopigwa deki, humfaa kuliko zulia linaloshwa kila mwezi. Wala asikubaliwe msafishaji anayenyunyiza dawa ya mazao au ya mifugo kwenye zulia kwa nia ya kuua wadudu. Watoto hutambaa juu yake.

Kuna jambo jingine linalozihusu kaya za wachimbaji wadogo wa dhahabu, Nyamongo na kwingineko. Zebaki inayotumika kukamatia dhahabu huweza kuingia nyumbani kupitia viatu, nguo, au kumwagika pale inapohifadhiwa. Ikimwagika juu ya zulia, usiifagie na usiifyonze kwa mashine, kwa sababu mashine huigeuza mvuke na kuusambaza nyumba nzima. Usilipeleke zulia hilo kuoshwa pia: maji hayaondoi zebaki, yataihamishia tu kwenye mfereji na mwilini mwa anayelisugua. Toa watoto na wajawazito, fungua madirisha, lisikanyagwe, kisha omba maelekezo ya afisa afya wa kata kuhusu namna ya kuliondoa.

Maji machafu

Mto Mara huanzia katika milima ya Mau nchini Kenya, hupita Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kisha hutenganisha wilaya za Tarime na Serengeti kabla ya kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Vijito vya pande zote mbili huishia humo, na wapo wananchi wanaochota, kunywesha mifugo na kuvua katika maji hayo hayo. Mji wa Mugumu nao hutegemea Bwawa la Manchira. Sabuni, grisi ya magari na tope la mazulia vikielekezwa kijitoni, aliye chini ya mkondo ndiye anayevinywa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa la asili au bwawa. Eneo la kuoshea linalofaa huwa mbali na mto, lina sakafu ya saruji yenye mteremko, na maji yake huingia kwenye shimo lenye mtego wa mchanga na mafuta. Mteja anaweza kuyaona hayo kwa macho yake ndani ya dakika tano. Anayeoshea ukingoni mwa mto kwa sababu maji ni ya bure humpunguzia mteja bei kwa gharama ya majirani.

Makubaliano na malipo

Msafishaji halali huwa na leseni ya biashara iliyotolewa na halmashauri husika: Halmashauri ya Mji wa Tarime, Halmashauri ya Wilaya ya Tarime au Halmashauri ya Wilaya ya Serengeti. Bei ipangwe kwa mita za mraba, na zulia lipimwe mbele yako. Lipige picha pande zote mbili, mkaandike pamoja kasoro zilizopo, tarehe ya kukabidhi na nani atabeba gharama likipotea au likitoa rangi. Mazulia mengi hufanana, hivyo alama ya uzi kwenye pindo husaidia. Dai risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na malalamiko huweza kuanzia kwa afisa biashara wa halmashauri au kupelekwa Tume ya Ushindani.

Vijana wanaofanya kazi hii bila vifaa vya kutosha wanaweza kuunda kikundi na kuomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mashine ya kukamua maji na banda la kuanikia ndivyo vya kununua kwanza, kabla ya mashine ya pili ya kuoshea.

Siku ya kulichukua zulia, lisipokelewe likiwa limekunjwa. Litandazwe, ligeuzwe, likaguliwe mgongo. Weka kiganja katikati na kwenye mikunjo, kisha nusa. Sugua sehemu moja kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikitoka na povu, halijasuuzwa. Likiwa bado na ubaridi wa unyevu au harufu ya uvundo, liachwe lianikwe tena, na salio la malipo lisubiri.