Tsunami: nishati inayovuka bahari

Katika bahari kuu, wimbi husafirisha nishati, si maji. Maji yenyewe huyumba na kurejea karibu na yalipokuwa. Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko chini ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia, lilizusha tsunami iliyokwenda kwa kasi ya ndege ya abiria, ilhali kimo chake hakikufika mita moja. Penye kina kifupi kasi ilipungua, na nishati ile ile ikalikweza wimbi. Baada ya muda wa saa 7 hivi lilipiga Hafun, Somalia. Nchini humo walifariki watu karibu 300. Bonde la wimbi likitangulia, bahari hukupwa ghafla, nje ya saa zake: ndio wakati wa kukimbilia mwinuko, si wa kuokota samaki.