Mipaka ya Fizikia: Jinsi Elimu Moja Ilivyogawanyika Matawi na Kuungana Tena

Mwanafunzi wa sekondari anapofungua kitabu cha fizikia kwa mara ya kwanza huikuta elimu hiyo ikiwa imekwisha kukatwa vipande: sura ya mwendo na kani, sura ya joto, sura ya mwanga, sura ya umeme na usumaku, na mwishoni kabisa, mara nyingi muhula ukiwa unayoyoma, sura ya atomu. Mpangilio huo huonekana kana kwamba umetokana na maumbile yenyewe, ilhali kila sura kati ya hizo ina historia ya kuzaliwa kwake, ina watu walioihitaji, na ina chombo kilichoiwezesha kuwapo. Fizikia, kwa maana yake pana, ni elimu inayochunguza maada, yaani chochote chenye tungamo na kinachochukua nafasi, pamoja na nishati, yaani uwezo wa kufanya kazi, na uhusiano uliopo kati ya viwili hivyo. Jina lake limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya maumbile. Aristotle, aliyeishi kati ya mwaka 384 na 322 KK, alilitumia neno hilo kwa elimu ya vitu vyote vinavyobadilika, viumbe hai vikiwemo, wala hakuigawa kwa namna inavyogawanywa leo.

Tawi kongwe ni umakanika, yaani elimu ya mwendo wa vitu na kani zinazousababisha au kuuzuia, kwa kuwa kuinua jiwe, kuteka maji na kusawazisha mizani ni kazi zilizowakabili watu zamani kabla hakujawa na shule. Archimedes wa Syracuse, aliyefariki mwaka 212 KK, alithibitisha kwa hoja za jiometri kanuni ya wenzo, isemayo kwamba mzigo mdogo ulio mbali na egemeo huweza kulingana na mzigo mkubwa ulio karibu nalo, na akaeleza pia kwamba kitu kilichozama majini husukumwa juu kwa kani iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyahamisha. Hizo zilikuwa kanuni za vitu vilivyotulia. Mwendo wenyewe ulikuja kueleweka karne nyingi baadaye, kwa sababu ulihitaji kupimwa pamoja na wakati, na saa za kupimia sehemu ndogo za dakika hazikuwepo. Galileo alilikabili tatizo hilo kwa kuupunguza mwendo: badala ya kuudondosha mpira kutoka juu, aliuviringisha juu ya ubao ulioinamishwa kidogo, akapima muda kwa uzito wa maji yaliyochuruzika kutoka chomboni, na katika kitabu kilichochapishwa Leiden mwaka 1638 akaonyesha kwamba muda ukiongezeka mara mbili umbali huongezeka mara nne. Mwaka 1687 Isaac Newton alichapisha kanuni tatu za mwendo pamoja na kanuni ya uvutano, na kwa kufanya hivyo akauondoa mpaka mkongwe kuliko yote, ule uliotenganisha elimu ya mbingu na elimu ya ardhi, kwani kani iangushayo tunda ndiyo hiyo hiyo iushikiliayo mwezi katika njia yake.

Elimu ya mwanga ilikua kwa njia nyingine, jirani na tiba kuliko ujenzi, kwa sababu swali lake la kwanza lilihusu jicho. Baadhi ya wanazuoni wa Kiyunani walishikilia kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kuvigusa vitu, na wengine kwamba vitu hutuma sura zao hewani hadi zimfikie anayetazama. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi kubwa ya maisha yake mjini Cairo, aliandika mwanzoni mwa karne ya 11 kitabu chenye sehemu saba kiitwacho Kitab al-Manazir, ambamo alijenga hoja kwamba mwanga hutoka kwenye kitu kinachoonekana na kuingia jichoni, wala si kinyume chake. Miongoni mwa dalili alizozitaja ni maumivu yanayompata mtu anayelikazia jua macho, jambo lisiloelezeka iwapo jicho ndilo linalotuma miale. Hakutosheka na hoja za maneno. Aliweka taa kadhaa nje ya chumba chenye giza kilichokuwa na tundu dogo, akaona kila taa ikitoa doa lake ukutani upande wa pili, na alipoikinga taa moja doa lake peke yake likatoweka, ishara kwamba miale ya taa mbalimbali hupita katika tundu hilo hilo bila kuchanganyikana. Vitabu vingi vya shule huruka kutoka kwa Wayunani hadi kwa Newton kana kwamba miaka elfu iliyopo kati yao ilikuwa mitupu, na hilo ni kosa linalostahili kusahihishwa, kwa kuwa kitabu cha Ibn al-Haytham kilitafsiriwa kwa Kilatini na kusomwa Ulaya kwa karne kadhaa, hadi Johannes Kepler alipoeleza mwaka 1604 jinsi taswira inavyoundwa nyuma ya jicho. Neno darubini lenyewe, ambalo Waswahili wanalitumia kwa chombo cha kuangalizia nyota, asili yake ni Kiajemi na maana yake ni kuona mbali. Newton naye alionyesha kwa mche wa kioo kwamba mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi, akachapisha kazi hiyo mwaka 1704; karne moja baadaye Thomas Young alibaini kwamba mwanga ukiongezwa juu ya mwanga huweza, mahali fulani, kuzaa giza, jambo linalowezekana tu ikiwa mwanga ni mawimbi.

Joto lilichelewa kupata tawi lake, na lililipata migodini. Mwaka 1712 Thomas Newcomen alijenga nchini Uingereza injini ya mvuke ya kuyavuta maji yaliyofurika katika machimbo ya makaa ya mawe, na James Watt akaiboresha kwa hataza ya mwaka 1769, lakini mafundi hao walizijenga injini kabla ya mtu yeyote kueleza joto ni kitu gani. Wengi walilidhania kuwa aina ya umajimaji usio na uzito unaohama kutoka kitu cha moto kwenda kitu cha baridi. Sadi Carnot, mhandisi kijana wa Ufaransa, aliuliza mwaka 1824 swali lililokuwa la kiuchumi kama lilivyokuwa la kisayansi, yaani ni kazi kiasi gani, kwa upeo wake, inayoweza kupatikana kutokana na joto, akagundua kwamba upeo huo hutegemea halijoto mbili tu, ile ya upande wa moto na ile ya upande wa baridi, hata injini ikijengwa kwa ustadi gani. James Joule, aliyetoka katika familia ya watengeneza bia karibu na Manchester, alipima jinsi uzito unaoshuka na kuzungusha makafi ndani ya maji unavyoyapasha maji hayo, na vipimo vyake huafikiana na kile kinachofundishwa leo, kwamba gramu moja ya maji huhitaji takriban jouli 4.2 ili halijoto yake ipande kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Kutokana na kazi za watu hao likazaliwa tawi la thamodinamiki, linalosimama juu ya kanuni mbili kuu: kwamba nishati haiumbwi wala haipotei bali hubadilika sura, na kwamba joto haliendi lenyewe kutoka kwenye baridi kwenda kwenye moto. Kanuni ya pili ilimfanya Rudolf Clausius abuni mwaka 1865 neno entropi, ambalo ni kipimo cha jinsi nishati inavyotawanyika isiweze tena kutumika.

Tawi hilo, ingawa linaonekana kukamilika, halijafunga milango. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba nchini Tanganyika, aliona mchanganyiko wa maziwa ya aiskrimu ulioingizwa katika jokofu ukiwa wa moto ukiganda kabla ya ule uliopoa, akaendelea kuuliza sababu hata baada ya kuambiwa kwamba amekosea, na mwaka 1969 akachapisha matokeo pamoja na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Dar es Salaam. Watafiti wametaja uvukizi, mzunguko wa maji ndani ya chombo, gesi zilizoyeyuka majini na kuchelewa kuganda kwa maji yaliyokwisha kupita nyuzi sifuri, bila kukubaliana, na wengine wametilia shaka iwapo jambo lenyewe hutokea kwa namna inayoweza kurudiwa. Ugumu wake unatokana na kutokaa ndani ya sura moja ya kitabu: ni suala la joto, la mwendo wa vimiminika na la muundo wa molekuli kwa wakati mmoja.

Umeme na usumaku vilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa mambo mawili yasiyohusiana, usumaku ukiwa mali ya mabaharia na dira zao, na umeme ukiwa kitu cha kushangaza cha kusugua kaharabu kwa kitambaa. Alessandro Volta alitengeneza betri ya kwanza mwaka 1800, na kwa mara ya kwanza ukapatikana mkondo wa umeme unaodumu. Miaka 20 baadaye, mjini Copenhagen, Hans Christian Ørsted aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya wenye mkondo. Michael Faraday aligundua mwaka 1831 kwamba sumaku inayosogezwa huzaa umeme katika waya, na ugunduzi huo ndio unaoendesha majenereta ya mabwawa yote ya umeme hadi leo. James Clerk Maxwell aliyakusanya hayo yote katika milinganyo aliyoichapisha mwaka 1865, akakuta kwamba milinganyo hiyo hutabiri mawimbi yasafiriyo kwa kasi ya takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya mwanga, na hivyo matawi matatu yakawa moja kwa karatasi na kalamu. Matunda ya tawi hili yalifika pwani ya Afrika Mashariki mapema: mwaka 1879 kebo ya simu ya maandishi iliyolazwa chini ya bahari iliiunganisha Zanzibar na Aden, na habari zilizokuwa zikingoja pepo za kusi zikaanza kupita katika waya wa shaba.

Kufikia mwaka 1890 hivi jengo lilionekana kukaribia kukamilika, kisha likatikisika. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895, Henri Becquerel akagundua unururifu wa urani mwaka uliofuata, na mwaka 1897 J. J. Thomson akaitambua elektroni, chembe iliyo ndogo kuliko atomu yoyote. Max Planck alilazimika mwaka 1900 kudhani kwamba nishati hutolewa kwa mafungu yasiyogawanyika, yaliyoitwa kwanta, na kutoka hapo likaota tawi la umakanika wa kwanta, linaloeleza mwenendo wa vitu vidogo mno, ambalo bila hilo kusingekuwa na transista wala simu ya mkononi. Albert Einstein alitoa mwaka 1905 na 1915 nadharia ya uhusianifu, inayosema kwamba vipimo vya muda na urefu hutegemea mwendo wa anayepima, na kwamba uvutano ni kupinda kwa nafasi na wakati. Fizikia ya nyuklia, inayochunguza kiini cha atomu, na fizikia ya chembe za msingi, zilifuata kwa haraka.

Astrofizikia, yaani fizikia ya nyota na anga za mbali, ndiyo iliyoyakusanya matawi hayo yote katika chombo kimoja, na chombo hicho kilirushwa katika bahari ya Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru ilipaa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama majini, mahali palipochaguliwa kwa kuwa karibu na ikweta, ambako roketi husaidiwa na mzunguko wa dunia na ambako setilaiti huweza kuepuka eneo la chembe zenye chaji zinazovuruga vipimo. Eksirei kutoka nyotani hazipenyi hewa, kwa hiyo kabla ya hapo zilikuwa zimepimwa kwa dakika chache tu kwa roketi zinazopanda na kuanguka. Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi hiyo peke yake, iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Kimoja kati ya hivyo, Cygnus X-1, kilimetameta kwa vipindi vifupi kuliko sekunde, dalili kwamba chanzo chake ni kidogo mno kwa kipimo cha nyota. Wanaastronomia walipoelekeza darubini zao huko walikuta nyota kubwa ya buluu ikizungukana kila baada ya siku 5.6 na kitu kizito kisichoonekana, ambacho ndicho cha kwanza kukubaliwa na wengi kuwa shimo jeusi, yaani mahali ambapo uvutano ni mkubwa kiasi kwamba hata mwanga hautoki.