Dakika Ishirini Haziwezi Kula Siku Nzima

Wasee, tuanze na neno ambalo Pipeline nzima tunalijua: kibarua. Limetoka kwa barua. Zamani kule Pwani, mtu wa kazi ya siku alipewa kikaratasi cha kuonyesha amefanya kazi, na hicho ndicho alichobadilisha na pesa. Baadaye mtu mwenyewe akaitwa kwa jina la karatasi yake.

Settla walipochukua mashamba huku bara, wakaja na tiketi. Tiketi ilikuwa na siku 30 za kazi, na ulitakiwa kuzimaliza ndani ya siku 42. Siku uliyofanya kazi inawekwa alama. Mnyapara akisema hujamaliza sehemu yako, siku inaachwa wazi, hata kama jasho limekutoka. Na mshahara ulikuwa unangoja tiketi ijae.

Hiyo ilikuwa afadhali kidogo. Chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya 1906, kukosa kazi bila ruhusa kulikuwa kosa la jinai: faini au jela. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kikaja kipande, chenye alama za vidole na jina la mwajiri, mwanaume akikivaa shingoni. Ukitoroka kazi, walikuwa wanajua pa kukutafuta.

1921 settla wakaamua kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Harry Thuku akapinga hiyo na kipande pia, akakamatwa Machi 1922. Watu wakajaa nje ya kituo cha polisi hapa Nairobi kudai aachiliwe. Tarehe 16 polisi wakafyatua risasi. Muthoni Nyanjiru alikuwa kati ya waliouawa. Kwa hivyo mtu akikuambia makato ni kitu kidogo, mwambie kuna watu walikufa kwa sababu ya mambo kama hayo.

Sasa ruka mpaka Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19. Mwajiri anaruhusiwa kukukata mshahara usiozidi wa siku moja, kwa kila siku ambayo hukuwa kazini siku nzima, bila ruhusa wala sababu halali. Soma tena hapo: siku nzima. Na makato yote yakijumlishwa hayafai kupita theluthi mbili ya mshahara.

Lakini mtaani tunajua vile huenda. Mvua imenyesha, Outering imesimama, unatembea kwa matope mpaka Industrial Area. Unafika saa mbili na dakika ishirini, unapiga kazi mpaka jioni, halafu mwisho wa mwezi hiyo siku haipo. Hiyo ni tiketi ya settla, ni vile tu mnyapara siku hizi ana kompyuta.

Mdosi atasema akiachilia mmoja, wote watachelewa. Sawa, ana haki ya kutaka watu wafike mapema. Anaweza kukupa onyo la maandishi, na ukizoea kukosa kazi anaweza kukufuta kwa kufuata utaratibu. Lakini saa ulizofanya kazi ni zako.

Kama mkataba wako unapita miezi sita, unafaa kupewa karatasi ya mshahara inayoonyesha kila kato na sababu yake. Iitishe. Andika kwa simu saa unayoingia na saa unayotoka. Hesabu zikikataa, peleka kwa afisa wa leba. Babu zetu walihesabiwa siku na wengine. Wewe jihesabie zako.