Maoni ya raia huenda wapi mswada ukifika Bungeni?

KILA mwaka ifikapo Februari, Bunge la Kenya linapofungua kikao kipya baada ya likizo ya Disemba, magazeti huanza kuchapisha matangazo yenye nembo ya Bunge na maandishi madogo madogo. Matangazo hayo hutaja miswada itakayojadiliwa, huwaalika wananchi watoe maoni, na huweka siku ya mwisho ya kuyapokea. Wasomaji wengi huyapita wakielekea kurasa za kandanda. Miezi michache baadaye, bei ya bidhaa inapopanda au ada mpya inapokatwa kwenye mshahara, ndipo huulizana katika matatu na mikahawani: hivi haya yalipitishwa lini, na nani aliulizwa?

Kwa kweli swali hilo lina sehemu mbili. Ya kwanza ni iwapo raia ana haki ya kuulizwa. Ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni iwapo akishajibu kuna yeyote anayelazimika kumsikiliza. Mahakama za Kenya zimekuwa zikilijibu swali hili la pili kwa zaidi ya mwongo mmoja, na majibu yake hayajawa sawa nyakati zote.

Haki ya kuulizwa haina utata. Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 inataja kushirikishwa kwa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa katika Kifungu cha 10. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liendeshe shughuli zake hadharani na kuwezesha umma kushiriki katika utungaji wa sheria, huku Kifungu cha 196 kikiyabebesha mabunge ya kaunti wajibu huo huo. Kifungu cha 201 kinarudia sharti hilo kwa masuala ya fedha za umma, kana kwamba waandishi wa Katiba walijua fika ni wapi viongozi wangeshawishika kulikwepa.

Katika utaratibu wa kawaida, mswada huchapishwa kwanza katika toleo la ziada la Gazeti Rasmi la Serikali. Kisha husomwa Bungeni mara ya kwanza. Hatua hiyo haina mjadala; anwani ya mswada husomwa, basi. Papo hapo mswada hukabidhiwa kamati inayohusika, iwe ya fedha, afya, elimu au kilimo, na kamati hiyo ndiyo hutoa tangazo gazetini, hupokea nyaraka za maoni na kuandaa vikao vya kuwasikiliza wananchi. Baadaye huwasilisha ripoti, wabunge hujadili mswada unaposomwa mara ya pili, hupitia kipengele kimoja baada ya kingine wakiwa Kamati ya Bunge Zima, kisha mswada husomwa mara ya tatu na kupelekwa kwa Rais. Iwapo unahusu kaunti, Seneti nayo huushughulikia. Rais ana siku 14 za kuutia saini au kuurudisha pamoja na sababu zake.

Katika safari hiyo yote, raia ana mlango mmoja rasmi tu, nao ni kamati. Anayengoja mjadala uwake moto katika ukumbi wa Bunge huwa amechelewa kwa wiki kadhaa. Aidha, ni baada ya mlango huo kufungwa ndipo mbunge yeyote anaweza kupendekeza marekebisho katika Kamati ya Bunge Zima, na marekebisho hayo huenda yasiwe yamewahi kuonekana na mwananchi hata mmoja. Mwanya huu ndio uliozua mabishano makali zaidi kortini.

Kesi iliyowafungua macho Wakenya wengi ilitoka Kiambu. Serikali ya kaunti hiyo ilipitisha Sheria ya Fedha ya 2013 iliyopandisha ada na ushuru, nao wakazi wakaelekea mahakamani wakilalama kwamba hawakushirikishwa. Mnamo Aprili 2014 Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu aliiharamisha sheria hiyo. Hakuridhishwa na hoja kwamba tangazo lilikuwa limechapishwa gazetini. Kwa maoni yake, bunge la kaunti lilifaa kuhakikisha ujumbe unawafikia watu pale walipo, yaani makanisani, misikitini, katika mabaraza ya hadhara na kupitia redio, zikiwemo zinazotangaza kwa lugha za mama. Miongoni mwa maamuzi aliyoyarejelea ni ule wa Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini wa 2006 katika kesi ya Doctors for Life, ambapo sheria mbili kuhusu masuala ya afya zilibatilishwa kwa kuwa baraza linalowakilisha mikoa halikuwapa wananchi nafasi ya kutosha ya kujieleza.

Baada ya uamuzi wa Kiambu, wengi walidhani kwamba ukosefu wowote wa mashauriano ungetosha kuangusha sheria yoyote. Dhana hiyo ilirekebishwa Novemba 2019, Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya kampuni ya sigara ya BAT iliyopinga Kanuni za Udhibiti wa Tumbaku za 2014. Kampuni ilishindwa. Hata hivyo, uamuzi huo unakumbukwa zaidi kwa vigezo ambavyo majaji waliviweka. Ushirikishwaji uwe wa kweli, si wa kutimiza ada tu. Mada iwe wazi na ieleweke, watu wapewe muda na fursa sawa, na anayekusanya maoni awe tayari kubadili nia. Lakini si lazima kila mtu asikizwe ana kwa ana, na anayedai kwamba hakushirikishwa sharti athibitishe dosari yenyewe.

Kwa lugha nyepesi, raia ana haki ya kusikizwa, ila hana haki ya kutiiwa. Jambo hili huwaudhi wengi, na si bila sababu. Mtu aliyesafiri kutwa kufika kwenye kikao, akangoja hadi jioni kupewa dakika tatu za kuzungumza, hutarajia angalau kuambiwa ni kwa nini pendekezo lake lilitupwa.

Suala hilo la kutoa sababu ndilo lililotikisa Sheria ya Fedha ya 2023, iliyotiwa saini Juni mwaka huo. Sheria hiyo ilipandisha ushuru wa VAT kwa mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 na kuanzisha ada ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara. Novemba 28, 2023 Mahakama Kuu iliharamisha ada ya nyumba lakini ikaacha sehemu kubwa ya sheria ikisimama. Mahakama ya Rufaa ilienda mbali zaidi. Mnamo Julai 31, 2024 iliitupa sheria yote, ikisema baadhi ya vipengele viliingizwa baada ya wananchi kutoa maoni, na kwamba Bunge halikueleza sababu za kukubali mapendekezo fulani na kukataa mengine.

Ushindi huo wa walalamishi haukudumu miezi mitatu. Oktoba 29, 2024 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu Martha Koome, iliirejesha sheria hiyo. Majaji walisema Bunge halilazimiki kueleza sababu za kila pendekezo lililokataliwa, na kwamba si kila rekebisho linalofanywa baada ya mashauriano linahitaji kurudishwa kwa wananchi upya. La sivyo, kazi ya kutunga sheria haingekoma. Kufikia siku hiyo ya uamuzi, nchi haikuwa na sheria moja ya kitaifa inayoeleza hatua kwa hatua jinsi umma unavyopaswa kushirikishwa, japo miswada ya kuitunga ilikuwa imewasilishwa zaidi ya mara moja. Bila sheria hiyo, kila kamati hujipimia yenyewe kiasi kinachotosha.

Wakati majaji walipokuwa wakilipima suala hilo, tayari wananchi walikuwa wamejaribu njia nyingine. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa kila mwaka wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari, miongoni mwa mambo mengine mengi. Vijana waliufafanua mswada huo kwa Kiswahili na lugha nyinginezo za Kenya, wakarekodi video fupi, na wengine wakaunda programu ya akili unde iliyojibu maswali kuhusu vipengele vyake. Simu za wabunge zilifurika ujumbe. Juni 18, siku ambayo maandamano yalianza jijini Nairobi, ilitangazwa kwamba ushuru wa mkate na wa magari umeondolewa. Yapo mabadiliko mengine yaliyofanywa, lakini hayakutosha kutuliza hasira. Juni 25 wabunge 195 waliunga mkono mswada na 106 wakaupinga, waandamanaji wakavamia majengo ya Bunge, na watu wakauawa kwa risasi. Siku iliyofuata Rais William Ruto alikataa kuutia saini, akaurudisha Bungeni akipendekeza vipengele vyote vifutwe.

Aghalabu kisa hicho husimuliwa kama ushindi wa barabarani pekee. Ukweli ni kwamba ushuru wa mkate ulikuwa umepingwa pia mbele ya kamati na waokaji, watetezi wa wanunuzi na raia wa kawaida, kwa maandishi, kipengele kikitajwa kwa nambari. Nani angesema kwa hakika ni sauti ipi iliyouondoa? Linalojulikana ni kwamba kamati ilikuwa na kitu mkononi cha kukubali.

Hapa ndipo ufundi wa kuandika maoni unapokuwa na maana. Ripoti ya kamati, hasa kwa miswada mizito, huwa na jedwali linaloonyesha aliyetoa maoni, kipengele alichokizungumzia, badiliko alilotaka, sababu zake na uamuzi wa kamati. Waraka unaosema tu kwamba serikali imezidi kuwanyanyasa wananchi hauna pa kuwekwa katika jedwali hilo, hata kama unasema kweli. Waraka wa ukurasa mmoja unaosema kwamba kipengele fulani kifutwe, au kiwango fulani kipunguzwe kutoka hiki hadi kile, kwa sababu biashara ya aina fulani itaathirika kwa njia fulani, utaingia na kupewa jibu. Makundi ya wahasibu, mawakili, wenye viwanda na benki yalilijua hili zamani, ndiyo maana majina yao hujaa katika ripoti hizo. Chama cha mama mboga au cha waendeshaji bodaboda kina haki ile ile, na hakihitaji wakili ili kuandika. Waraka huelekezwa kwa Karani wa Bunge la Taifa au wa Seneti kabla ya siku iliyotajwa katika tangazo, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ihifadhiwe, kwani ndiyo ushahidi endapo mzozo utafika kortini. Aliyekosa muda huo bado ana Kifungu cha 119, kinachompa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, lirekebishe au lifute sheria.

Kikwazo ambacho ufundi huo hauwezi kukiondoa ni lugha. Katiba inatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na Kifungu cha 120 kinakiorodhesha pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya kama lugha rasmi za Bunge. Hata hivyo miswada kwa kawaida huchapishwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili, na Mswada wa Fedha huwa umejaa maagizo ya kufuta neno hili na kuingiza lile katika sheria nyingine ambazo msomaji hana. Mzee wa Garissa au Kwale anayeombwa maoni kuhusu waraka wa namna hiyo ameombwa kubahatisha. Vigezo vya mwaka 2019 vilisema mada ieleweke. Bado hakuna aliyelazimishwa kutafsiri.

Kwa anayetaka kujaribu, kalenda inajulikana. Mswada wa Fedha wa kitaifa hutakiwa kufika Bungeni kufikia Aprili 30 na kupitishwa kufikia Juni 30, kwa hivyo matangazo ya kuomba maoni huja mwezi Mei. Katika kaunti zote 47 mambo hufuata baadaye. Mabunge ya kaunti huwa na siku 90 za kupitisha Mswada wa Fedha wa kaunti baada ya kuidhinisha ule wa matumizi, yaani aghalabu kati ya Julai na mwisho wa Septemba. Katika msimu huo kelele za Nairobi huwa zimetulia na madiwani hukutana na wananchi katika kumbi za wadi, mara nyingi mbele ya viti vitupu. Mswada unaojadiliwa humo ndio unaopanga ada ya kibanda sokoni, leseni ya duka, maegesho ya gari na kodi ya ardhi.