Gari la pua ya papa

Wiki hii naomba tuzungumzie gari ambalo halipo tena duniani. Lilikuwapo. Lilishinda, liliua, kisha likavunjwa na wenyewe waliolitengeneza. Ukiliona leo katika maonyesho ya magari ya kale huko Ulaya, jekundu, dogo, lenye matundu mawili mbele mithili ya pua ya papa, ujue kwamba unachokitazama kimeundwa upya kwa mikono miaka mingi baadaye. La asili hulipati popote, hata kwa mwenye kiwanda.

Kwa kawaida nakala ni kitu cha kudharauliwa. Tunasema "feki", tunasema "bandia", na anayeiuza tunamwita tapeli. Mimi nasema kwamba katika habari ya gari hili dharau hiyo haina mahali pake, ila kwa sharti moja nitakalolitaja mbele.

Gari lenyewe ni Ferrari 156 ya mwaka 1961. Namba hiyo si ya bahati nasibu: 15 ni lita moja na nusu ya ujazo wa injini, na 6 ni idadi ya silinda. Mwaka 1958 wakuu wa mashindano ya magari walitangaza kwamba kuanzia 1961 injini za Fomula 1 zitapunguzwa kutoka lita mbili na nusu hadi lita moja na nusu, ili kasi ishuke na madereva wasife ovyo. Waingereza waligoma. Walibishana na kulalamika wakidhani uamuzi ungebatilishwa, na walipozinduka muda ulikuwa umekwisha. Enzo Ferrari, mzee wa Maranello, alinyamaza akaendelea na kazi. Injini ya ukubwa huo alikuwa nayo tangu 1957 katika mashindano ya daraja la pili, nayo iliitwa Dino, jina la mwanawe aliyefariki mwaka 1956 akiwa na umri wa miaka 24.

Kitu kimoja tu kilimkwamisha mzee huyo, nacho ni ukaidi. Mwaka 1959 na 1960 ubingwa ulichukuliwa na Jack Brabham akiendesha Cooper, gari la Kiingereza lenye injini nyuma ya dereva. Inasimuliwa kwamba Ferrari alikuwa akijibu kuwa ng'ombe huvuta mkokoteni, hausukumi. Mwaka 1961 ng'ombe alihamishiwa nyuma. Mhandisi wake mkuu, Carlo Chiti, aliweka injini nyuma ya kiti, silinda sita zimegawanyika kwa umbo la herufi V. Zilikuwapo za aina mbili: moja iliyopanuka kwa nyuzi 65, na nyingine kwa nyuzi 120, iliyolala chini zaidi na kutoa nguvu za farasi zipatazo 190. Mbele, bati la alumini lilichongoka likatobolewa matundu mawili ya kupitishia hewa. Ndipo watu wakaliita pua ya papa.

Msimu huo halikuwa na mpinzani wa kweli isipokuwa Stirling Moss, aliyewafunga Monaco na Nürburgring kwa ufundi wa mikono yake akiwa na Lotus yenye nguvu ndogo. Mahali pengine ilikuwa Ferrari mtindo mmoja. Huko Spa, Ubelgiji, yalimaliza ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Huko Reims, Ufaransa, kijana Giancarlo Baghetti alishinda katika mbio zake za kwanza kabisa za kugombea ubingwa wa dunia.

Halafu ikaja Monza, tarehe 10 Septemba 1961. Mjerumani Wolfgang von Trips alikuwa akiongoza kwa pointi 33, Mmarekani Phil Hill, mwenzake wa timu moja, alikuwa na 29. Katika mzunguko wa pili, wakikaribia kona ya Parabolica, gari la von Trips, namba 4, liligusana na Lotus ya Jim Clark. Likapanda tuta la pembeni, likaparamia wavu, na nyuma ya wavu huo walikuwa wamesimama watazamaji. Von Trips alirushwa nje akafa. Watazamaji 15 walikufa pia. Mbio hazikusimamishwa. Hill alishinda siku hiyo na kuwa bingwa wa dunia kwa tofauti ya pointi moja, kisha akawa miongoni mwa waliobeba jeneza la mwenzake.

Mwisho wa mwaka ule kiwanda kilipasuka. Chiti na wakubwa wengine kadhaa waliondoka kwa pamoja baada ya ugomvi na mwenye mali. Mwaka 1962 gari lile lile, likiwa limeachwa nyuma na Waingereza waliokwisha kuamka, halikushinda hata mbio moja ya ubingwa. Baada ya hapo yote yakatupwa kwenye chuma chakavu.

Wapo wanaopenda kusema kwamba Ferrari aliyavunja kwa uchungu wa Monza. Sioni haja ya kumtungia mzee huyo majonzi ya namna hiyo. Desturi ya kiwanda chake ilikuwa hiyo: gari la mashindano lililopitwa na wakati ni mzigo, linakula nafasi, na vipuri vyake vinavyofaa huhamishiwa kwenye jipya. Wakati huo hakuna aliyedhani kwamba kitu hicho kingekuja kuwa na thamani. Aliyafanyia yale ambayo mwenye gereji yeyote hulifanyia gari bovu.

Tazama lakini jambo hili. Mwaka huo huo wa 1962, kiwanda hicho hicho kilianza kutoa gari jingine, Ferrari 250 GTO. Hadi mwaka 1964 yalikuwa yametengenezwa 36 tu. Hayo yaliuzwa kwa wateja, watu binafsi waliokuwa wakishindana kwa fedha zao, kwa hiyo kiwanda hakikuwa na mamlaka ya kuyakata. Mwezi Agosti 2018 moja liliuzwa kwa mnada huko Monterey, California, kwa zaidi ya dola milioni 48 za Kimarekani. Mwaka 2019 mahakama ya Bologna iliamua kwamba umbo la GTO ni kazi ya sanaa inayolindwa na sheria, asije mtu akalinakili. Gari lililokuwa mali ya mteja limebaki hadi kulindwa na mahakimu. Lililokuwa mali ya kiwanda, tena lililoleta ubingwa wa dunia, limebaki picha.

Kutokana na picha hizo ndipo mafundi walipoanzia. Mwanamuziki wa Kiingereza Chris Rea, ambaye baba yake alikuwa Mwitaliano mwenye biashara ya aiskrimu, aliandika filamu ya La Passione iliyotoka mwaka 1996, habari ya mtoto aliyepagawa na mbio za magari na von Trips. Alihitaji gari la kuigizia, na halikuwapo la kuazima. Akaagiza litengenezwe. Baada ya hapo wengine nao wamejaribu, na baadhi ya nakala hizi hukimbizwa kweli katika mikutano ya magari ya kale.

Kazi yenyewe si ya mchezo. Picha hudanganya: ukimpiga mtu picha kwa karibu kutoka mbele, pua hukua, na gari ni vivyo hivyo. Fundi hutafuta kitu ambacho kipimo chake kinajulikana, kwa mfano rimu ya spoku ya inchi 15, kisha kwa hiyo hukadiria urefu wa mengine yote. Hutengeneza kiunzi cha mbao chenye umbo la gari zima. Halafu hukata bati la alumini vipande vipande na kulipiga kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga, akilijaribisha kwenye kiunzi, anatoa, anapiga tena. Alumini ikipigwa sana huwa ngumu na hupasuka, hivyo lazima ipashwe moto ilainike. Lakini yenyewe haiwi nyekundu kama chuma, inaweza kuyeyuka ghafla mbele ya macho yako. Dawa ya mafundi ni kuipaka sabuni: sabuni ikigeuka rangi kuwa nyeusi, moto umetosha. Fundi bodi yeyote anayesoma hapa atanielewa. Hakuna mashine inayokwambia kwamba sasa pua imekuwa ya papa.

Injini ina hadithi yake. Kuanzia mwaka 1966 Fiat ilitoa gari la kawaida la barabarani lililoitwa Dino, kwa sababu sheria za mashindano zilitaka injini ya aina hiyo itengenezwe kwa wingi, 500, kabla ya kuruhusiwa. Injini hiyo ni ya ukoo ule ule wa nyuzi 65. Anayetaka moyo wenye damu ya kweli ya familia anaweza kuupata humo, ingawa ujazo wake ni mkubwa kuliko wa 1961. Ile ya nyuzi 120 haikuingia katika gari lolote la barabarani. Anayeitaka hana budi kuisubu upya, na hapo fedha huishia.

Je, kitu hicho ni Ferrari? Kwa maoni yangu, sivyo, na wala hakihitaji kuwa hivyo. Ni ushahidi wa umbo, na ni njia pekee iliyobaki ya mtu kusimama kando ya gari lile na kuona jinsi dereva alivyokaa kati ya matangi ya petroli, mabega nje, bila mkanda. Kitabu hakikupi hilo. Phil Hill mwenyewe, baada ya kuacha mashindano mwaka 1967, alikuwa na karakana California ya kukarabati magari ya kale, akayarudisha barabarani magari ya watu wengine hadi wakatoka machozi. Alifariki mwaka 2008. Gari lililompa ubingwa lingeletwa mlangoni kwake lingekuwa ni nakala tu.

Sasa lile sharti. Nakala iseme kwamba ni nakala. Kipachikwe kibao cha chuma kwenye chasisi, kisichobandukika, chenye mwaka liliotengenezwa na injini ilikotoka, maana mwenye nalo leo atakufa na warithi wake watakuwa na tamaa ya fedha. Na kama mtu ameamua kulipaka namba 4, namba ya von Trips siku ile ya Monza, basi kibao hicho kitaje pia watazamaji 15. Walikuja kulitazama gari hilo hilo, nao hawana umaarufu wa kuwafanya wakumbukwe kwa rangi nyekundu.